Visigino sakafuni: namna ya kuzuia breki isishike ndege inapokimbia kupaa

Kwenye Cessna 172, ndege wanayoanzia wanafunzi wengi wa urubani, pedali moja ina kazi mbili. Ukisukuma sehemu yake ya chini, unageuza bapa la wima la mkiani pamoja na gurudumu la mbele. Ukikandamiza sehemu ya juu, unapiga breki ya gurudumu kuu la upande huo. Hakuna kufuli kati ya kazi hizo mbili, wala taa ya kukuonya. Kuna kisigino chako tu.

1. Kiti. Kisogeze hadi uweze kusukuma pedali mpaka mwisho wake huku goti likibaki limekunjika kidogo. Jitikise mbele na nyuma uhakikishe pini imeingia kwenye tundu la reli. Ukikaa mbali mno, mguu hunyooka na vidole hufika kwenye breki bila wewe kukusudia.

2. Miguu. Visigino viwe sakafuni, na sehemu nene ya unyayo, nyuma ya vidole, ikae kwenye sehemu ya chini ya pedali.

3. Jaribio. Ndege ikianza tu kusogea, rudisha nguvu ya injini na ukandamize breki zote mbili polepole. Mwalimu naye ajaribu za upande wake. Pedali ikizama kama sponji, pengine kuna hewa kwenye mfumo au mafuta yanavuja, basi chungulia magurudumuni kama kuna majimaji mekundu. Kuipampu mara kadhaa kutarudisha shinikizo kwa muda, lakini hilo ni la kukufikisha maegeshoni, si la kurukia.

4. Kutembea ardhini. Mwendo ukizidi, punguza injini kwanza, breki baadaye. Anayeendesha kwa nguvu nyingi huku akishikilia breki anazipasha moto, na atazihitaji baridi iwapo itabidi aahirishe kupaa.

5. Kupaa. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mkishajipanga katikati ya njia ya kurukia, shusha visigino na useme kwa sauti, "Visigino chini," ndipo uongeze nguvu. Ikiwa ulishikilia breki kwa ajili ya njia fupi, usilegeze vidole tu. Telezesha miguu yote chini.

Tarehe 7 Septemba 2011, Yak-42, ndege ya abiria ya Kirusi, iliyobeba timu ya hoki ya Lokomotiv ilianguka ilipokuwa ikipaa Yaroslavl, Urusi. Kati ya watu 45, alisalimika mmoja. Uchunguzi ulibaini kwamba mmoja wa marubani alikuwa akikandamiza breki ndege ikikimbia. Marubani wote wawili walikuwa wamezoea Yak-40, ndege nyingine ndogo zaidi, ambayo miguu hukaa tofauti kwenye pedali zake.

Breki haikupunguza kasi tu. Nguvu yake huvuta kwenye tairi, chini kabisa ya kitovu cha uzito, kwa hiyo inainamisha pua. Rubani anavuta usukani, pua haiinuki. Anavuta zaidi, na akijikaza kwa miguu breki inashika zaidi. Anadhani tatizo liko mkiani, kumbe liko chini ya vidole vyake.

Weka kipimo mapema: ukifika nusu ya njia, uwe na asilimia 70 ya kasi ya kuinua pua. Kwa Cessna 172S inayoinuliwa kwa noti 55 (maili za baharini kwa saa), hiyo ni karibu noti 40. Haijafika? Funga nguvu, simama. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo injini hupungua nguvu. Ni rahisi mno kulaumu mwinuko kumbe ni breki.

6. Kutua. Usipandishe miguu hadi magurudumu yote yamekaa chini. Tairi likigusa lami limefungwa, linachubuka sehemu moja au kupasuka.

7. Ukibadilisha aina ya ndege. Piper Cherokee za zamani nyingine zina wenzo wa mkono tu chini ya dashibodi, pedali hazina breki. Kwa hiyo kaa kwenye ndege hiyo mpya dakika 10 injini ikiwa imezimwa. Funga macho, sukuma pedali kushoto na kulia hadi mwisho, kisha umwombe mtu aliyesimama nje, karibu na mkia, akuambie bapa limekwenda wapi. Mwishowe tafuta breki kwa kupapasa, na breki ya maegesho pia, hadi uzipate bila kuangalia.