Namna ya kupima kwa masikio yako kama muziki uliobanwa unaachwa nyuma na diski za ubora wa juu

Jirani yangu mmoja hapa Kibokoni, Mombasa, mzee aliyekuwa baharia kwa miaka mingi, ana kabati zima la diski za SACD, yaani diski zinazofanana na CD lakini zenye sauti ya ubora wa juu, alizokuwa akizinunua kila meli yake ilipotia nanga Japani na Ulaya. Mwezi uliopita mjukuu wake alimpakulia nyimbo zile zile kwenye simu. Siku ya pili mzee akaja kwangu akiwa na jambo moyoni. "Mwanangu," aliniambia, "wewe ndiwe fundi wa sauti. Niambie kweli, hiki kilichomo kwenye simu ni muziki, au ni makapi yake?" Nilimjibu, "Mzee wangu, nikikujibu kwa maneno nitakuwa sikukutendea haki. Nipe siku chache tupime, na jibu utalitoa wewe mwenyewe." Mwongozo huu ni kazi tuliyoifanya, baada ya kuondoa makosa yaliyonigharimu jioni tatu nzima.

Kwanza takwimu, kwa sababu ndizo zinazowatia watu hofu. CD ya kawaida, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huchukua sampuli 44,100 kila sekunde kwa biti 16, yaani kilobiti 1,411 kwa sekunde. SACD iliyoletwa na Sony na Philips mwaka 1999 hutumia sampuli za biti moja, lakini huchukua 2,822,400 kila sekunde. Faili ya biti 24 na kilohezi 96, yaani sampuli 96,000 kila sekunde, hubeba kilobiti 4,608 kwa sekunde kabla ya kubanwa. MP3, yaani faili ya muziki uliobanwa, hata ukiikamua vipi, mwisho wake ni kilobiti 320. Mtu akizitazama namba hizi peke yake ataona kwamba shauri limekwisha katwa. Hata hivyo, programu ya kubana haitupi muziki ovyo. Hutupa kwanza zile sauti ambazo zimefunikwa na sauti kubwa zaidi zilizo jirani nazo, kama vile mtu anayenong'ona Marikiti wakati tuktuk inapita ubavuni mwake. Kwa hiyo haitoshi kuuliza ni kiasi gani kilichotupwa. Tunachopima ni kama sikio lingekinasa kama kingebaki.

Hatua ya 1: Chumba na hedifoni

Pima usiku, baada ya isha, feni ikiwa imezimwa. Najua wakati wa kaskazi hilo ni jambo zito, lakini feni hufunika zile zile sauti ndogo unazozitafuta. Tumia hedifoni za waya zinazoziba masikio. Hedifoni za bluetooth sizikubali kabisa katika kazi hii, kwa kuwa bluetooth hubana sauti upya kabla haijafika sikioni, na hapo utakuwa unalinganisha vitu viwili vilivyobanwa.

Hatua ya 2: Pata chanzo kimoja tu

Hapa ndipo mabishano mengi ya vijiweni yanapoharibikia. Mtu huchukua diski ya SACD, halafu huchukua MP3 aliyopewa na rafiki, kisha husema kwamba diski ni bora. Huenda ni bora kweli, lakini mara nyingi sababu ni kwamba fundi aliyeiandaa diski ile alipewa nafasi ya kuuacha muziki upumue, ilhali toleo lililoenda kwenye simu liliandaliwa upya na kupandishwa sauti hadi likabanana. Hata diski moja ya SACD yenye matabaka mawili, moja la SACD na jingine la CD, inaweza kuwa na maandalizi mawili tofauti. Chanzo kikiwa viwili, umepima mafundi wawili, hukupima kubana.

Kompyuta za kawaida haziwezi kusoma tabaka la SACD. Sisi tulichukua waya za sauti kutoka kwenye mashine ya mzee, tukaziingiza kwenye kadi ya sauti ya nje, tukarekodi kwa biti 24 na kilohezi 96. Rekodi hiyo ndiyo ikawa faili asili. Kama una muziki ulionunuliwa ukiwa tayari katika faili za FLAC za biti 24, ambazo hubanwa bila ya kutupa chochote, umepunguziwa kazi.

Hatua ya 3: Bana

MP3 haipokei zaidi ya kilohezi 48, kwa hiyo shusha nakala ya faili asili kutoka 96 hadi 48, kisha uibane kwa LAME, programu ya kutengenezea MP3. Tengeneza nakala za kilobiti 96, 128, 192 na 320. Usitumie tovuti zinazojitolea kukubania bure, kwa kuwa huwezi kujua zinafanya nini humo ndani. LAME ni ya bure, imekaguliwa na watu wengi kwa miaka mingi, na mimi sijaona sababu ya kuiacha.

Hatua ya 4: Zisawazishe faili, na usiharakishe

Usiku wa kwanza nililinganisha faili asili na MP3 ya kilobiti 320, nikapata 16 kati ya 16 katika kipimo nitakachokieleza kwenye Hatua ya 5. Nilikaribia kumpigia mzee simu saa ile ile. Asubuhi nilijiuliza nilichokuwa nimekisikia hasa, nikaona kwamba hakikuwa kwenye muziki hata kidogo. Kila nilipobadilisha kutoka faili moja kwenda nyingine, kadi ya sauti ilihama kutoka kilohezi 48 kwenda 96, na katika kuhama huko ilitoa mlio mdogo sana, "tik", uliofuatwa na ukimya mfupi. Masikio yangu yaliujua mlio ule kabla mimi sijaujua.

Dawa yake ni kuifungua MP3, kuipandisha tena hadi biti 24 na kilohezi 96, na kuihifadhi kama FLAC, ili faili zote mbili ziwe za aina moja na kadi isiwe na sababu ya kuhama. Wengine hupinga kwamba huko ni kuipa MP3 ubora isiokuwa nao. Sivyo. Maji ya kikombe ukiyamimina kwenye ndoo hayaongezeki. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi, umebadilisha chombo tu.

Usiku wa pili, bila ya mlio ule, nikapata 14 kati ya 16. Safari hii MP3 ilionekana kuwa imefifia, haina uhai. Nilipopima nikakuta kwamba programu iliyoshusha kilohezi ilikuwa imepunguza sauti kidogo, bila ya kuniarifu, ili vilele visigonge dari. Tofauti ilikuwa desibeli 0.6. Jambo hili naliomba lishikwe vizuri, kwa sababu tofauti ndogo namna hiyo sikio haliitambui kuwa ni tofauti ya ukubwa wa sauti. Halikwambii "hii iko juu". Hukwambia kwamba hii iko wazi zaidi, ina kina, mwimbaji amesogea karibu. Maneno yote ambayo wapenzi wa diski huyatumia kuzisifu yanaweza kuzalishwa na nusu desibeli.

Kwa hiyo fungua faili zote mbili ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua sekunde 30 zile zile katika kila moja, pima wastani wa nguvu unaoitwa RMS, kisha punguza ile iliyo juu mpaka tofauti iwe chini ya desibeli 0.1. Usizisawazishe kwa kutazama kilele cha juu kabisa, kwa sababu kubana hubadilisha vilele bila ya kubadilisha ukubwa wa sauti unaosikika. Vile vile, kabla ya kubana, punguza faili asili kwa desibeli 3. Muziki uliopandishwa hadi ukingoni, ukibanwa na kufunguliwa, vilele vyake huvuka mpaka na kukatwa, na mkwaruzo utakaousikia hapo unatokana na uzembe wa maandalizi, wala si wa MP3.

Bado kuna suala la faili kuanza wakati mmoja. LAME pamoja na kifunguaji chake huongeza ukimya mwanzoni mwa wimbo, kwa kawaida sampuli 1,105, ambazo kwenye kilohezi 48 ni takriban milisekunde 23. Programu ya kusikilizia ya foobar2000 husoma alama iliyoachwa na LAME na kuukata ukimya huo. Programu nyingine huuacha. Faili mbili zikipishana kiasi hicho, kila ukibadilisha utasikia wimbo ukiruka, na utapata alama nyingi zisizo na maana. Kuza picha ya wimbi katika Audacity mpaka uone nukta za sampuli, tafuta mpigo mmoja mkali, na uzipange faili kwenye mpigo huo. Kisha zihakikishe: igeuze moja juu chini na uzichanganye. Zikiwa zimelingana utabaki na mvumo hafifu unaofuata muziki, na zikiwa zimepishana utausikia wimbo wenyewe waziwazi.

Lakini usiuhukumu ubora kwa mvumo huo. Kazi ya programu ya kubana ni kuuficha chini ya muziki. Ukiuondoa muziki na kuusikiliza mvumo peke yake, umeondoa pazia ambalo ndilo lililokuwa likipimwa.

Mwisho wa hatua hii, zima virembesho vyote vya sauti vya Windows, na uiruhusu programu ya kusikilizia iishike kadi ya sauti peke yake, kwa njia ya Windows iitwayo WASAPI, ili Windows isibadilishe kilohezi bila wewe kujua.

Hatua ya 5: Kipimo

Weka foobar2000 pamoja na kijalizo chake cha ABX. Utapewa A na B unazozijua, na X ambayo ni mojawapo. Kazi yako ni kusema X ni ipi, mara 16.

Hatua ya 6: Fundisha sikio

Usianzie kwenye kilobiti 320. Anza chini, kwenye 96, ujue kasoro ina sura gani, kisha upande. Chagua vipande vifupi vya sekunde tano au kumi, na uchague sauti zinazoisumbua MP3. Mimi nilitumia rekodi ya tashkota, ala ya nyuzi ya taarabu, niliyoifanya mwenyewe kwenye harusi moja, kwa ubora ule ule wa biti 24. Nyaya zake za chuma zinapigwa ghafla baada ya kimya, na hapo ndipo MP3 inapopata taabu: hukata muziki vipande vya mamia ya sampuli, na kelele inayozaliwa na mpigo huenea katika kipande kizima, hata sehemu inayoutangulia mpigo. Katika kilobiti 96, kabla ya waya kulia, mzee alisikia kitu alichokiita "mchanga unaomwagwa juu ya karatasi". Hakuna maelezo ya vitabuni yaliyonifikishia jambo hili vizuri kuliko hayo. Makofi ya watu wengi na kanuni, ala nyingine ya nyuzi, ikichezwa mbio hufaa pia. Vinanda vya taratibu havitakuonyesha mengi.

Ukichoka, acha. Sikio lililochoka hubahatisha.

Hatua ya 7: Hesabu

Amua idadi ya majaribio kabla ya kuanza, wala usisimame njiani kwa sababu umepata mengi. Kati ya 16, kupata 12 au zaidi kwa kubahatisha tu kuna uwezekano wa asilimia 4 hivi, kwa hiyo 12 ndicho kiwango cha chini ninachokikubali. Ukipata 9, hujathibitisha kwamba tofauti haipo. Umeonyesha kwamba wewe, usiku ule, hukuisikia.

Mzee alipata 16 kwenye kilobiti 96, akapata 13 kwenye 128, akapata 9 kwenye 192, na 7 kwenye 320. Mjukuu wake mwenye miaka 19, ambaye masikio yake bado yanazifikia sauti za juu, alipata 15 kwenye 128, na 10 kwenye 192. Matokeo hayo hayakunishangaza. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran, nchini Marekani, walitangaza majaribio 554 ambayo sauti ya SACD na ya DVD-Audio, diski nyingine ya ubora wa juu, ililinganishwa na sauti ile ile ikiwa imepitishwa katika kiwango cha CD, bila ya wasikilizaji kuambiwa ipi ni ipi. Walipatia mara 276, yaani nusu kasoro kidogo. Mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss alikusanya tafiti 18 za ubora wa juu, akapata wastani wa asilimia 52.3 ya majibu sahihi, na kwa wasikilizaji waliofundishwa ukafika asilimia 60 hivi. Tofauti huenda ipo, lakini ni nyembamba, na inahitaji mtu aliyeketi kuitafuta.

Na malalamiko ya mzee kuhusu simu yake? Nilizikagua faili alizowekewa. Zilikuwa za kilobiti 128, na zilitokana na toleo jingine lililopandishwa sauti sana, si lile lililomo kwenye diski zake. Alikuwa amesikia sawasawa. Tumezirekodi diski zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, tukazibana kwa LAME katika kiwango cha V0, ambacho ndicho cha juu kabisa katika mpangilio wake wa kilobiti zinazobadilika, na hizo ndizo anazosikiliza barazani jioni. Rekodi za biti 24 nimezihifadhi katika FLAC kwenye diski ngumu mbili, moja kwake na moja kwangu, kwa kuwa hewa ya chumvi ya huku kwetu haimwonei huruma fundi aliyeweka nakala moja.