Namna ya kueleza na kupendekeza filamu uliyotoka kuitazama

"Ni kali, itafute" ndiyo maoni ya filamu yanayotolewa kuliko yote, na hayamsaidii mtu. Anayeyasikia hajui kama ni kali kwa mapigano au kwa kisa, kama anaweza kuitazama na watoto, kama itamchukua dakika 90 au saa tatu, wala kama wewe na yeye mnapenda vitu vya namna moja.

Maoni na pendekezo ni mambo mawili. Maoni yanaihusu filamu: imejaribu nini, imefanikiwa wapi, imepwaya wapi. Pendekezo linamhusu unayempa: filamu hii, kwake yeye, kwa usiku huu. Unaweza kuisifu filamu kwa haki kabisa, kisha ukamwambia rafiki yako aiache. Wanaochanganya hayo mawili ndio humsukumia kila mtu filamu ileile, halafu wakashangaa kwa nini hawaulizwi tena.

Andika kabla hujalala

Kumbukumbu haiziweki dakika zote za filamu kwa uzito mmoja. Mwaka 1993 wanasaikolojia Barbara Fredrickson na Daniel Kahneman walichapisha utafiti ambamo watu walitazama vipande vya filamu vya kupendeza na vya kuchukiza, vifupi na virefu. Walipoulizwa baadaye, hukumu yao ilifuata zaidi kilele cha hisia na mwisho wa kipande. Urefu ulihesabika kidogo sana. Ndiyo maana filamu iliyojikokota saa nzima kisha ikamalizika kwa kishindo husifiwa kupita kiasi, na filamu nzuri iliyoteleza dakika kumi za mwisho hutupwa yote.

Kinga yake ni mistari minne, iandikwe majina ya waliotengeneza filamu yanapopanda kwenye skrini au usiku uleule:

1. Kisa kwa sentensi moja: nani, anataka nini, anazuiwa na nini.
2. Kipande kimoja ambacho bado unakiona ukifumba macho.
3. Mahali ulipochoka au ulipoishika simu, pamoja na dakika yake.
4. Swali au hisia uliyobaki nayo.

Wakati filamu inaendelea usiandike insha. Neno moja na dakika vinatosha, kwa mfano "mto, 41". Mstari wa tatu ndio wenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu ndio wa kwanza kusahaulika. Ukishaona uliishika simu dakika ya 38, 52 na 70, unajua tatizo liko katikati ya filamu, na utalieleza hivyo badala ya kusema tu kwamba "inaboa". Alama au nyota zisubiri kesho yake. Msisimko wa saa ya kwanza hupandisha alama, na hasira ya mwisho mbaya huzishusha.

Hakikisha kosa ni la filamu

Lawama nyingi zinazotupwa kwa filamu ni za kifaa. Televisheni nyingi hutoka kiwandani kipengele cha kulainisha mwendo kikiwa kimewashwa. Filamu kwa kawaida hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni hubuni picha za katikati ili ifikie 60 au 120, na mwendo unakuwa wa kuteleza, filamu iliyopigwa kwa ustadi ikafanana na tamthilia ya studio. Ingia kwenye mipangilio ya picha ukizime, au chagua hali ya sinema.

Sauti nayo ina mtego wake. Filamu nyingi huandaliwa kwa mfumo wa 5.1 (spika tano na moja ya besi), ambamo mazungumzo hutoka zaidi kwenye spika ya katikati. Mfumo huo ukibanwa kwenye spika mbili ndogo, muziki na milipuko hufunika maneno. Kabla ya kuandika kwamba waigizaji wananong'ona, chagua sauti ya stereo, yaani ya spika mbili, kama ipo kwenye menyu, au vaa hedifoni urudie dakika tano. Vipande vya usiku pia visihukumiwe taa ikiwa inamulika skrini.

Ukitazama toleo lililoingizwa sauti za lugha nyingine, sauti ya mwigizaji hukuisikia. Zungumzia uso na mwili wake, na useme wazi ulitazama toleo gani. Na ukiiongezea filamu kasi ili uimalize mapema, usitoe neno lolote kuhusu mwendo wake. Kimya cha sekunde nne kimepimwa na mhariri kiwe cha sekunde nne.

Sema kwa nini, na useme ni kazi ya nani

Neno "mbaya" halina maana mpaka liguse sehemu fulani ya kazi. Watazamaji wengi humlaumu mwigizaji kwa makosa ya mwandishi. Vipimo hivi husaidia kutofautisha:

Wahusika wakielezana mambo ambayo wote wawili wanayajua tayari ("kama unavyojua, baba alifariki miaka mitatu iliyopita"), kosa ni la mwandishi. Hakuna mwigizaji anayeweza kuyaokoa maneno hayo. Maneno yakiwa mazuri lakini mwigizaji anaonekana kungoja zamu yake ya kusema, akimtazama mwenzake bila kumsikiliza, hapo uigizaji ndio umelegea. Ukiwa huwezi kujua nani anampiga nani, chunguza uhariri na mahali kamera ilipowekwa: picha zinakatwa mno, au kamera imesogezwa karibu kupita kiasi kuficha kwamba ngumi hazifiki. Muziki ukikuamuru ulie kabla hujapata sababu ya kulia, mwongozaji hakukiamini kipande chake. Na filamu ambayo kila kipande chake ni kizuri lakini yote kwa jumla inachosha huwa na tatizo la muundo: mhusika mkuu hana anachokitaka, au anakipata mapema mno.

Kila sifa na kila lawama ipe kipande kimoja cha ushahidi. "Anaigiza vizuri" inapita sikioni. "Kwenye chakula cha jioni anakunja leso mara tatu bila kusema neno, na unajua ameshaamua kuondoka" inabaki. Sifa moja yenye ushahidi na lawama moja yenye ushahidi hufaa kuliko orodha ya kumi zisizo nao.

Usimharibie mtu uhondo

Weka mpaka mapema. Katika filamu ya saa mbili, tukio linaloigeuza safari ya mhusika mara nyingi hutokea kati ya dakika ya 25 na ya 30. Yaliyo kabla ya hapo unaweza kuyasimulia. Yaliyo baada, nyamaza. Usitumie trela kuwa kipimo, kwa sababu trela nyingine huchota vipande vya theluthi ya mwisho, na wako watu wanaokwepa trela makusudi.

Hatari zaidi ni kufichua bila kutaja tukio lolote. Ukimwambia mtu "mwisho wake hutauamini", umeshamfichulia: atakaa saa mbili akiutafuta mtego badala ya kuifuata filamu, na mara nyingi ataugundua. "Mchunguze yule jirani" ni siri imetoka. "Yule mwigizaji anaonekana kidogo sana" ni tangazo la kifo. Hata "nililia mwishoni" humwambia msikilizaji kwamba steringi hatoki salama. Badala yake, zungumzia hali ya filamu: ni ya wasiwasi, ni ya taratibu, inakuwa nzito kadiri inavyokwenda. Hapo umemwandaa bila kumnyang'anya kitu.

Mwongozaji Alfred Hitchcock alipotoa filamu yake *Psycho* mwaka 1960, majumba ya sinema yalitakiwa yasimruhusu yeyote kuingia baada ya filamu kuanza, na watazamaji waliombwa wasiwasimulie wengine mwisho wake. Upo upande wa pili wa hoja. Utafiti wa Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa 2011 ulionyesha kwamba wasomaji wa hadithi fupi walizifurahia zaidi walipoelezwa mwisho mapema. Wanaopenda kufichua hupenda kuutaja utafiti huo, lakini haubadilishi adabu ya jambo hili: mtu anaweza kuirudia filamu akiujua mwisho mara nyingi atakavyo, ila kuitazama bila kuujua ni mara moja tu, na uamuzi wa mara hiyo ni wake.

Ukitaka kujadili mwisho, uliza kwanza, "Umeshaimaliza?" Swali la kama ameitazama halitoshi, kwa kuwa wengine huwa wameishia katikati. Kwenye ujumbe wa maandishi, anza na onyo na jina la filamu, acha mistari mitupu ya kutosha, ndipo uandike, maana arifa ya simu huonyesha maneno ya mwanzo hata kabla mtu hajaufungua ujumbe. Onyo lisilotaja filamu halina kazi, kwani msomaji hajui ni siri ya filamu ipi anayoikwepa.

Namba za watu wengine

Ukinukuu alama, sema inapima nini. Asilimia ya tovuti ya Rotten Tomatoes huonyesha ni wahakiki wangapi kati ya kila mia walioipenda filamu, wala haisemi waliipenda kiasi gani. Wahakiki kumi wakiipa 6 kati ya 10, na wote wakahesabiwa kuwa wameipenda, filamu itapata asilimia 100, ingawa wastani wao ni 6. Tovuti ya Metacritic hutoa wastani wa alama za wahakiki, na hupa baadhi ya wahakiki uzito zaidi ya wengine. Tovuti ya IMDb hukusanya kura za watazamaji, kutoka 1 hadi 10. Kwa hiyo 90 ya pale na 70 ya hapa zinaweza kuwa za filamu moja, na zote zikawa kweli.

Kwa nyota zako mwenyewe, amua maana ya kila nyota na ushike hiyohiyo. Kati ya tano, tatu iwe "sijutii muda wangu", nne "nitaitazama tena", tano "nitamtafuta mtu niitazame naye". Anayeipa kila filamu nne na nusu hana alama, ana tabia.

Kupendekeza kwa mtu mmoja

Anza kwa maswali matatu. La kwanza: "Ni filamu gani ya mwisho uliyoipenda, na ulipenda nini ndani yake?" Nusu ya pili ya swali ndiyo yenye thamani. Watu wawili wanaweza kupenda filamu moja ya wizi wa benki, mmoja kwa ajili ya mpango wenyewe na mwingine kwa ajili ya ndugu wawili waliokosana. Hao hawapewi pendekezo moja. La pili: "Utatazama na nani?" La tatu: "Una muda gani, na umechoka kiasi gani?" Filamu ya saa tatu yenye manukuu, kwa mtu aliyetoka kazini saa tatu usiku, itazimwa katikati hata ikiwa bora namna gani.

Kisha toa filamu mbili, zikizidi ziwe tatu. Orodha ya kumi humrudishia mtu kazi ileile aliyokuletea wewe. Moja iwe karibu sana na anachokipenda. Ya pili iende hatua moja mbali nacho, ikiwa na kitu kimoja tu kigeni kwake, ama lugha, ama mwendo, ama aina. Vikiwa vigeni vyote mara moja, atakata tamaa dakika ya 15.

Pendekezo kamili linaweza kuwa hivi:

"Ina dakika 105. Mama anarudi kumzika baba yake na kukuta nyumba imeshauzwa. Nusu saa ya kwanza ni ya taratibu, vumilia, utawahitaji wale watu baadaye. Mama anabeba filamu kwa macho tu. Muziki unazidi kwenye vipande vya huzuni. Kinazungumzwa kifo cha mtoto, hakionyeshwi. Kama unataka mbio na risasi, siyo hii. Wewe nakupa kwa sababu ulisema ulipenda ugomvi wa wale ndugu wawili."

Humo mna urefu, kisa kisichovuka mpaka, mwendo, ubora, kasoro, tahadhari, asiyefaa na sababu ya kumchagua yeye. Kilichopungua ni iwapo lazima atazame sehemu iliyotangulia. Pale inapohusika, kitaje mwanzoni kabisa.

Tahadhari usizionee aibu. Kwa ukatili wa kingono, kujiua, mateso ya watoto au wanyama, mtu aambiwe kwamba kipo na kama kinaonyeshwa au kinatajwa tu, bila kuambiwa kinampata nani. Mwanga unaowakawaka kwa kasi utajwe daima, kwa kuwa huweza kuchochea kifafa kwa baadhi ya watu. Daraja la umri lililowekwa kwenye filamu ni mwanzo tu. Mzazi anataka kujua kama ni matusi, damu au kitanda.

Unapofananisha filamu mbili, sema zinafanana katika nini. "Ni kama ile" humfanya mtu angoje kisa kilekile. "Inakupa wasiwasi wa aina ileile, ila kisa ni cha kifamilia" humpa matarajio sahihi. Punguza sifa pia. "Bora kuliko zote za mwaka" hupandisha matarajio hadi pasipo na filamu ya kuyafikia.

Akirudi na majibu

Asipoipenda, usimwambie hakuielewa. Muulize aliachia wapi. Akitaja dakika za mwanzo, ulikosea mwendo. Akitaja mhusika, ulikosea aina ya watu anaopenda kukaa nao. Akisema alikuwa anasinzia, filamu haijajaribiwa bado. Mkibishana, kila mmoja ataje kipande anachokisemea, kisha mkitazame tena pamoja. Mara nyingi mmoja wenu atakuwa amekikumbuka vibaya. Jibu lake liandike karibu na ile mistari minne, pamoja na jina lake, ulisome kabla hujampendekezea nyingine.