Kukomaza Miche ya Nyanya Kabla ya Kuihamisha Shambani

Mche ukitoa majani mawili halisi, yale yenye meno, punguza msongamano ubaki na nafasi ya sentimita 3 hadi 4 kati ya mche na mwenzake. Iliyosongamana hukimbilia mwanga, ikawa mirefu na myembamba, na upepo wa kwanza unailaza.

Mwagilia asubuhi tu, kwenye udongo na si juu ya majani, ili kufikia jioni uso wa kitalu uwe umekauka. Kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la miche kitaluni, hupenda unyevu wa usiku. Utakiona shina likiwa la kahawia na jembamba pale linapogusa udongo, kisha mche unaanguka. Ng'oa ulioanguka pamoja na udongo wake, punguza maji, fungua kivuli hewa ipite. Dawa ikipulizwa huku kitalu kimelowa ni pesa iliyopotea bure.

Kisumu na Ahero, nchini Kenya, tatizo ni joto na nzi weupe, wanaoleta virusi vya kukunja majani. Funika kitalu kwa chandarua chenye matundu madogo tangu siku ya kusia, na weka kivuli saa tano hadi saa tisa mchana. Njoro na Bahati usiku ni baridi. Majani yakiwa ya zambarau upande wa chini, mara nyingi mizizi imeshindwa kufyonza fosforasi kwa sababu ya baridi, basi funika usiku kwanza kabla ya kukimbilia mbolea.

Kukomaza, yaani kuizoesha miche jua na maji machache, huanza siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, na hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Siku ya kwanza ondoa kivuli saa mbili hadi saa nne asubuhi pekee. Ongeza muda wa saa mbili kila siku hadi miche ishinde juani. Ikitoka kivulini na kuingia jua la mchana siku hiyo hiyo, majani huungua na kuwa meupe. Mbolea ya nitrojeni acha kabisa, na maji mwagilia siku moja, ruka moja. Majani yakilegea kidogo mchana yakasimama jioni, sawa, yasiposimama, umezidisha.

Mche ulio tayari una urefu wa sentimita 15 hivi, majani 4 hadi 6 na shina nene kama penseli. Uliokwisha kutoa maua umechelewa, yabandue.

Kakamega na Bungoma, epuka shamba lililokuwa na viazi mviringo, biringanya au nyanya ndani ya miaka mitatu iliyopita, kwa sababu bakteria wa mnyauko hubaki udongoni na huingia kupitia mizizi iliyojeruhiwa. Kwa hiyo lowesha kitalu saa chache kabla ya kung'oa ili mizizi itoke na udongo wake. Hamisha kuanzia saa kumi jioni, uzike shina hadi karibu na majani ya kwanza, maana nyanya huota mizizi shinani. Mche ulioungwa juu ya shina la mmea mwingine usiuzike hivyo: kiungo lazima kibaki juu ya udongo.