Mota ya DC: kudhibiti mwendo na kuifunga breki

Tuchukue mota ya volti 24 yenye sumaku za kudumu. Usipunguze mwendo kwa rezista ya mfululizo: nguvu inaishia kwenye joto, na mzigo ukiongezeka mota inalegea. Tumia mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki, inayokata na kurudisha umeme mara 20,000 kwa sekunde. Mara 5,000 pia zinafanya kazi, ila mota italia mluzi. Funga dayodi ya kasi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na mota, kathodi, yaani ncha yake yenye mstari, upande wa chanya. Ukiisahau, volti inayoruka kila mosfeti inapozima itaiunguza.

Sasa breki. Mota inayozunguka bila kulishwa umeme ni jenereta, basi iunganishe na rezista kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Mkondo usizidi ampea 20? Gawa 24 kwa 20, unapata omu 1.2, toa ukinzani wa mota yenyewe, tuseme 0.2, inabaki omu 1. Mwanzoni rezista hiyo hupokea wati 400, kwa hiyo chagua rezista ya waya uliozungushwa. Zima mosfeti kwanza, subiri milisekunde 50, ndipo rilei ifunge. Vikiwaka pamoja, betri inamwaga umeme kwenye rezista. Breki hii hufifia mwendo ukishuka, hivyo mzigo wa mteremkoni lazima uwe na breki ya msuguano pia.