Mtoto kapata 1500 kwenye SAT: namna ya kupima ufadhili wa chuo kabla ya kukubali

Alama za SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, zikitoka na mtoto kavuka 1500 kati ya 1600, simu hazipoi. Shangazi anapiga kutoka Mwanza, kundi la WhatsApp la Watanzania wa jimboni kwetu huku Marekani linajaa pongezi, na kabla ya jioni kuna mtu ameshataja Harvard. Furaha hiyo ni halali kabisa. Ila miezi michache baadaye familia hiyohiyo itakaa mezani na barua nne au tano za vyuo vya Marekani, kila moja ikijisifu kwa ufadhili wake, na hapo wengi wetu huamua kwa ukubwa wa zawadi au kwa jina la chuo. Nakusihi, mzazi mwenzangu: usilinganishe ufadhili. Linganisha kinachobaki kulipwa kwa miaka yote minne, na masharti yanayoweza kuuondoa ufadhili huo njiani.

Tuanze na Harvard, kwa kuwa imeshatajwa. Vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo binafsi vya majina makubwa ambalo Harvard imo, na pia MIT na Stanford, havitoi hata senti kwa sababu ya alama za mtihani. Msaada wao unapimwa kwa kipato na mali ya familia. Harvard na MIT zimetangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, familia ya kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka, yenye mali ya kawaida, haichangii chochote, na isiyozidi dola 200,000 hailipi ada ya masomo. Kwa hiyo mama anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee na baba dereva, wakiingiza dola 85,000 kwa pamoja, wanaweza kukuta MIT ni nafuu kuliko chuo cha jimbo lao. Watu hawa mara nyingi hukatishwa tamaa na bei iliyoandikwa kwenye tovuti, mtoto haombi kabisa, na hilo linaniuma kuliko makosa mengine yote ya safari hii.

Wauguzi wawili wenye leseni, wanaofanya ovataimu na kufikisha dola 260,000, wana hali nyingine. Fomu zitawaona matajiri, ingawa wanalipa nyumba, wanasomesha wadogo zao na kutuma hela nyumbani kila mwezi. Huko kwenye vyuo vya majina makubwa bili yao inaweza kuwa nzito sana, na 1580 ya mtoto haitaipunguza hata dola moja. Familia ya namna hii ndiyo inayohitaji kujua vizuri ufadhili wa alama, yaani ule unaotolewa kwa matokeo ya mtoto bila kutazama kipato cha wazazi.

Chuo kinachotoa ufadhili wa alama kina hesabu zake. Kinataka wanafunzi wa kupandisha wastani wake, na kinataka kujaza viti. Vyuo binafsi vya Marekani, kwa wastani, huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa. Ni kama mwenye duka Kariakoo anayetaja bei ya juu ili akupunguzie. Barua yenye muhuri wa dhahabu na dola 25,000 inaweza kuwa imetumwa kwa karibu kila aliyedahiliwa. Haimaanishi ni mbaya. Inamaanisha tu kwamba isikutoe machozi kabla hujaona salio.

Vyuo vingi huchapisha waraka unaoitwa Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo matatu kwenye mtandao, ufungue ule wa mwaka wa karibuni. Sehemu ya C9 inaonyesha alama za SAT na za ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, za waliojiunga. Kama mtoto wako yuko kwenye robo ya juu ya wanafunzi hao, chuo kina sababu ya kumtaka. Sehemu ya H2A inaonyesha ni wanafunzi wangapi wasio na uhitaji wa kifedha waliopewa fedha kwa sababu ya matokeo yao, na wastani wa walichopewa. Kama wastani ni dola 8,000 na wewe unahitaji 30,000, ujue hapo unacheza bahati nasibu. Dakika ishirini za kusoma waraka huu zinakufaa kuliko ushauri wa mtu ambaye mtoto wake aliingia chuo mwaka 2012.

Baadhi ya vyuo vya umma havifichi kitu. University of Alabama kwa miaka mingi imekuwa ikitangaza jedwali: alama za mtihani upande mmoja, wastani wa masomo upande wa pili, na kiasi cha dola katikati, hata kwa wanaotoka nje ya jimbo. Pale kwenye majedwali ya namna hii, kurudia mtihani na kupanda alama ishirini tu kunaweza kumvusha mtoto ngazi nzima, kwa hiyo uliza tarehe ya mwisho ya kupokea alama mpya. Texas ina sheria ambayo wengi wa majimbo mengine hawaijui: mwanafunzi wa nje aliyepata ufadhili wa ushindani wa angalau dola 1,000 kutoka chuo cha umma anaweza kuruhusiwa kulipa ada ya mkazi wa Texas. Hapo dola 1,000 inaweza kubeba thamani ya maelfu mengi.

Wenyeji wa majimbo nao wasisahau mlango wa nyumbani. Georgia ina ufadhili wa HOPE, unaotokana na bahati nasibu ya jimbo tangu 1993, na juu yake Zell Miller, unaohitaji wastani wa masomo wa 3.7 (kwa kipimo cha 4.0) na SAT isiyopungua 1200. Florida ina Bright Futures, ambao pia unadai saa za kujitolea au za kazi, na saa hizo hazikusanywi kwa wiki mbili za mwisho. Kentucky, waliko ndugu zetu wengi Wakongomani wa Louisville na Lexington, ina KEES: kila mwaka wa sekondari unaomalizwa kwa wastani mzuri unamwekea mtoto fedha yake, na ACT inaongeza bonasi. Ni kiasi kidogo, lakini kinaanza darasa la tisa, na mzazi anayesubiri hadi darasa la 12 ameshachelewa.

Sasa hesabu. Nitumie namba za mfano, tuseme mtoto ana barua tatu. Chuo binafsi Boston kina gharama ya dola 90,000 kwa mwaka, malazi na chakula ndani yake, na kimempa 35,000. Chuo cha umma cha jimbo jingine ni 52,000, kimempa 28,000. Chuo cha jimboni kwenu ni 30,000, kimempa 5,000. Kwa mwaka wa kwanza yanabaki 55,000, 24,000 na 25,000. Wengi wataona cha pili ndicho kimeshinda, na cha jimboni kimedharau mtoto kwa kumpa zawadi ndogo.

Lakini ufadhili wa alama kwa kawaida haupandi, na ada hupanda. Ongeza asilimia nne kila mwaka kwenye gharama, acha ufadhili palepale. Kwa miaka minne chuo cha Boston kitakudai takriban dola 242,000, cha jimbo jingine 108,800, na cha jimboni 107,400. Zawadi ndogo kuliko zote imetoa bili ndogo kuliko zote, na hapo sijahesabu nauli ya ndege wakati wa Thanksgiving na Krismasi. Fanya hesabu hii kwa karatasi na mtoto akiwa pembeni yako. Anatakiwa aone 242,000 kwa macho yake, ndipo mzungumze kama jina la Boston lina thamani ya tofauti hiyo. Kwa baadhi ya fani na baadhi ya familia jibu ni ndiyo. Kwa anayepanga udaktari, ambaye bado ana miaka minne ya shule ya tiba mbele yake, mimi ningesita sana.

Barua yenyewe isome mstari kwa mstari ukiwa na kalamu. Juu utaona ufadhili wa chuo, tuseme 35,000. Chini yake Federal Work-Study, 2,500: hiyo ni kazi, mtoto atalipwa kadiri anavyofanya, haitapunguza bili ya Agosti. Kisha Direct Loan, 5,500: huo ni mkopo wa mtoto. Halafu Parent PLUS, 20,000: huo ni mkopo wako wewe mzazi, ingawa umepangwa kwenye safu moja na zawadi, na jumla ya chini inasoma kana kwamba umepewa 63,000. Kata kila kilicho mkopo au kazi, ndipo ujumlishe upya. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 sheria mpya inaweka kikomo cha Parent PLUS kwa wakopaji wapya: dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja kwa jumla. Aliyepanga kuziba pengo lote kwa mkopo huo apange upya.

Baada ya salio, tazama masharti. Ufadhili mwingi unadai wastani wa 3.0 kuendelea; mwingine 3.5. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtoto aliyekuwa wa kwanza sekondari akikutana na kemia na kalkulasi za uhandisi, muhula wa kwanza wa 3.2 ni matokeo ya heshima, na kwa sharti la 3.5 ni hatari ya kupoteza dola 28,000 kwa mwaka. Iandikie ofisi ya misaada ya fedha baruapepe, usipige simu tu, uulize: wastani unapimwa kila muhula au kila mwaka? Kuna muhula wa onyo? Ukipotea, unaweza kurudi? Je, akibadilisha fani ufadhili unabaki? Na wangapi kati ya waliopewa bado wanao mwaka wa nne? Chuo kisichotaka kujibu swali la mwisho kimekupa jibu.

Kuna na fedha za pembeni, za kanisa, za msikiti, za chama cha Wakenya wa mjini kwenu. Tunachanga kwa moyo, halafu chuo kinapunguza msaada wake kwa kiasi kilekile na bili inabaki ilivyokuwa. Maryland lilikuwa jimbo la kwanza kuvizuia vyuo vyake vya umma kufanya hivyo, mwaka 2017, lakini sehemu nyingi bado ni ruhusa. Kabla ya harambee, uliza chuo kitaanza kupunguza nini: mkopo au ufadhili wake? Vilevile, sehemu ya ufadhili inayolipia ada na vitabu vya lazima haitozwi kodi ya shirikisho, lakini inayolipia chumba na chakula inahesabiwa kuwa kipato cha mtoto. Familia iliyopata ufadhili wa kila kitu imtafute mtu wa kodi mapema.

Yapo mambo yanayotugusa sisi hasa. FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa masomo, haikati fedha unazomtumia mama Moshi au Kisumu. Wanaohesabiwa ni wale unaoishi nao na kuwabeba kwa zaidi ya nusu ya matumizi yao. Na nyumba unayojenga Kitengela au kiwanja cha Bagamoyo ni mali, inatakiwa kutajwa, kwa kuwa kinachosamehewa ni nyumba unayoishi. Taja ukweli, kwa thamani ya kuuza leo na si ya ndoto. Kisha mwandikie ofisa wa misaada ukiambatanisha risiti za kutuma fedha na za hospitali, ukimweleza unamtunza nani. Ana mamlaka ya kuangalia hali yako upya. Hakuna uhakika atakubali, lakini asiyeandika hajibiwi.

Kuhusu karatasi: msaada wa serikali kuu ni kwa raia, wenye grinikadi, wakimbizi na waliokwisha kupewa hifadhi. Anayesubiri jibu la hifadhi, au aliye kwenye viza ya H-4 au F-2 (za wategemezi wa wafanyakazi na wa wanafunzi wa kigeni), haupati. Lakini ufadhili wa alama unaotoka kwenye mfuko wa chuo mara nyingi hauulizi hayo, na kwa watoto hawa ndio tegemeo kubwa. Mpwa wako aliye Nairobi au Arusha naye ajue kwamba Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth hawatazami uwezo wa kifedha wa mwanafunzi wa kigeni wanapoamua kumdahili.

Tarehe zinaangusha wengi. PSAT, mtihani unaotangulia SAT na wa kuingia National Merit, shindano la kitaifa la ufadhili, hufanywa Oktoba ya darasa la 11, na haina marudio mwaka unaofuata. Tuzo yake yenyewe ni dola 2,500 mara moja tu. Thamani kubwa iko kwenye vyuo vinavyowaongezea waliofika fainali vifurushi vyao. Boston University inataka maombi ya ufadhili mkubwa ifikapo tarehe 1 Desemba, na USC (University of Southern California) ifikapo 1 Novemba, mapema kuliko tarehe ya kawaida ya udahili. Mtoto asisaini Early Decision, ombi la mapema linalomfunga kujiunga akidahiliwa, kama mnategemea kulinganisha ufadhili, maana amejifunga kabla ya kuona bei ya wengine. Kabla ya hayo yote, tumia kikokotoo cha gharama ambacho sheria inakilazimu kila chuo kinachoshiriki misaada ya serikali kuu kukiweka kwenye tovuti yake, na umwambie mtoto waziwazi familia inaweza kulipa kiasi gani kwa mwaka. Mwambie Septemba. Aprili anakuwa ameshapenda chuo.

Barua zote zikifika, unaruhusiwa kuomba chuo kifikirie upya. Mtoto mwenyewe aandike, kwa adabu na kwa ufupi: chuo chenu ndicho chaguo langu, chuo fulani kimenipa kiasi hiki, barua yao nimeambatanisha, je, mnaweza kusogea? Taja namba unayoihitaji. Vyuo binafsi vinavyotafuta wanafunzi husogea mara nyingine kwa dola elfu kadhaa. Vyenye jedwali la kudumu huwa havisogei. Fanya hivyo mwanzoni mwa Aprili, kwa sababu vyuo vingi vinataka jibu na amana ifikapo tarehe 1 Mei. Lipa amana chuo kimoja tu, na vile vingine mtoto aviandikie kuvikatalia siku hiyohiyo. Kuna mtoto wa mwenzio kwenye orodha ya kusubiri.