Jinsi ya kuiomba Mamlaka ya Ushindani ichunguze shirika la serikali

Wafanyabiashara wengi wa Nairobi hukata tamaa mapema mno. Shirika la umma likiwabana husema, "Hiyo ni serikali, utaipeleka wapi?" Unaweza kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayosimamia ushindani wa haki katika biashara. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ushindani, Nambari 12 ya 2010, iliyoanza kutumika Agosti 2011, kinasema waziwazi kwamba sheria hiyo inamhusu kila mtu, ikiwemo Serikali, mashirika yake na serikali za mitaa, maadamu wanafanya biashara. Mtu yeyote anaweza kulalamika, na si lazima uwe na wakili.

Yashike sana hayo maneno "maadamu wanafanya biashara", kwa sababu ndiyo yatakayoamua kama barua yako itafika mbali au itarudishwa.

Kwanza, tenganisha biashara na utawala

Sheria yenyewe imetaja mambo ambayo hayahesabiwi kuwa biashara: kutoza na kukusanya kodi, kutoa au kufuta leseni na vibali, kukusanya ada za leseni hizo, na shughuli za ndani ya serikali yenyewe. Kwa hivyo, ukinyimwa kibali cha kuuza mitumba Gikomba, una malalamiko, lakini si ya ushindani. Kampuni ya maji inayomilikiwa na kaunti ikikuuzia maji kwa mita, hapo inafanya biashara kama muuzaji mwingine yeyote. Shirika moja laweza kuwa na sura zote mbili, likatoa vibali asubuhi na mchana likauza huduma ileile. Andika kuhusu lile la mchana.

Wala usihangaishwe na hisa. Hisa za Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, huuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi huku Serikali ikimiliki asilimia 50.1, na katika KenGen, inayozalisha umeme, Serikali ina asilimia 70. Umiliki huo haumpi mtu kinga wala haumfanyi mkosaji. Kinachotazamwa ni shirika limefanya nini sokoni.

Hakikisha hujakosea mlango

Kama shida yako ni tenda uliyonyimwa isivyo haki, nenda kwa Bodi ya Kutathmini Malalamishi ya Zabuni za Umma, na uende haraka, kwani sheria ya ununuzi ya 2015 inakupa siku 14 tu. Bili moja iliyopanda kimakosa ipeleke kwanza kwa shirika lenyewe, kisha kwa mdhibiti wa sekta, mfano EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, kwa umeme. Na kama kinachokuumiza ni agizo la serikali zaidi ya tabia ya muuzaji, huenda mahakama ikawa njia bora. Ndivyo ilivyokuwa kwa agizo la kusafirisha makasha kutoka bandari ya Mombasa kwa reli ya SGR. Wenye malori na wakazi walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Novemba 2020 mahakama ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa.

Lakini ukiambiwa, "Hii sekta ina mdhibiti wake, Mamlaka ya Ushindani haihusiki," usikubali. Kifungu hichohicho cha 5 kinawataka wadhibiti washirikiane na Mamlaka, na katika masuala ya ushindani neno la mwisho ni la Mamlaka.

Litaje kosa kwa jina lake

Kuwa mkubwa si kosa. Kosa ni kuutumia ukubwa vibaya. Anayedhibiti nusu ya soko au zaidi huhesabiwa kuwa anatawala soko. Aliye kati ya asilimia 40 na 50 naye huhesabiwa hivyo, isipokuwa athibitishe kwamba hana nguvu hiyo. Hata aliye chini ya 40 anaweza kuguswa ikionekana ana nguvu za soko. Kifungu cha 24 kinataja matumizi mabaya ya nguvu hizo: bei au masharti yasiyo ya haki, kuwafungia wengine njia ya kuingia sokoni, kuwatoza wateja walio sawa masharti tofauti, na kumlazimisha mteja akubali jambo lisilohusiana na anachonunua.

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni ndogo ya intaneti huko Kayole hukodi nguzo za shirika la umma ili kupitisha nyaya zake. Shirika hilo nalo linaanza kuuza intaneti mitaa hiyohiyo. Miezi michache baadaye kodi ya nguzo inapandishwa kwa kampuni za nje, ila idara ya intaneti ya shirika lenyewe hailipi kitu, na maombi mapya ya nguzo hayajibiwi. Mwenye kampuni akiandika "wanatuonea kwa sababu sisi ni wadogo," hajasema lolote la kisheria. Akiandika kwamba shirika ndilo lenye nguzo zote katika eneo hilo, kwamba hakuna njia nyingine ya kupitisha nyaya kwa gharama ya kawaida, kwamba yeye na idara ya shirika wanahitaji huduma ileile lakini wanatozwa tofauti, na kwamba wateja wa Kayole watabaki na muuzaji mmoja, basi amegusa kifungu cha 24 mara mbili.

Kwa anayeliuzia shirika bidhaa, kuna kifungu cha 24A kuhusu mnunuzi anayetumia nguvu zake vibaya. Mfugaji wa Kiambu anayepeleka maziwa kwa shirika linaloyasindika na kuyauza, akicheleweshewa malipo kinyume cha mkataba bila sababu ya maana, au mkataba ukavunjwa bila notisi, ana hoja hapo. Naona wafugaji na wauzaji wadogo hawakitumii vya kutosha kifungu hiki.

Kusanya ushahidi

Panga barua, ankara, jumbe na orodha za bei kwa mfuatano wa tarehe. Ukikosa hati iliyo mikononi mwa shirika, kama vile jedwali la ada, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Raia anatakiwa kujibiwa ndani ya siku 21. Wakinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman, ndiyo inayosimamia haki hiyo. Kunyamaza kwao nako ni ushahidi, kwa hivyo ambatisha barua uliyowaandikia.

Andika na uwasilishe

Unaweza kujaza fomu ya malalamishi kwenye tovuti ya Mamlaka, kutuma barua pepe, au kupeleka barua ofisini kwao jijini. Ukienda mwenyewe, beba nakala mbili na yako igongwe muhuri wa kupokewa.

Kurasa mbili zinatosha. Jitambulishe na ueleze unauza nini. Litaje shirika, kisha aya inayofuata ieleze kwa nini jambo hili ni biashara na si utawala. Usiiache aya hiyo hata kama unaona jibu liko wazi, maana ndiyo hoja ya kwanza ambayo mawakili wa shirika wataishambulia. Baada yake weka matukio kwa tarehe, kisha hasara yako na ya wateja. Kurasa zenye siri za biashara yako, kama bei unazonunulia, ziandike juu kwamba ni siri. Kifungu cha 20 kinakuruhusu kuomba zilindwe.

Mwisho wa barua sema unataka nini. Mamlaka inaweza kutoza hadi asilimia 10 ya mapato ya mwaka uliotangulia, lakini faini ya shirika la umma hatimaye hulipwa na mwananchi. Katika ule mfano wa Kayole, mimi ningeomba amri ya kubadilisha tabia: bei moja kwa wote, maombi ya nguzo yajibiwe kwa muda uliowekwa, hesabu za idara ya intaneti zitengwe. Kama biashara yako inaweza kuanguka kabla uchunguzi haujaisha, omba amri ya muda chini ya kifungu cha 37, na uonyeshe kwa takwimu kwamba hasara hiyo haitaweza kurekebishwa.

Baada ya hapo

Mamlaka ikiamua kutochunguza, lazima ikuandikie sababu. Ikichunguza na kuelekea kulitia shirika hatiani, kwanza italipatia notisi na nafasi ya kujitetea. Wakati mwingine mambo humalizwa kwa makubaliano, kwa hivyo jibu haraka ukiulizwa maoni, usije ukapata makubaliano yasiyogusa shida yako.

Usiporidhika na uamuzi, una siku 30 tangu uupokee kukata rufaa kwa Jopo la Ushindani, na ukishindwa huko, siku 30 nyingine kwenda Mahakama Kuu. Andika tarehe ya kupokea juu ya barua ya uamuzi siku hiyohiyo, na bahasha uihifadhi.