Waridi la Majani Manene Halitaki Maji ya Kila Siku

Masika yaliyopita jirani yangu hapa Arusha alibisha hodi asubuhi amekumbatia chungu kizuri cha kaure, ndani yake ekeveria, mmea wa majani manene yaliyojipanga kama ua la waridi, aliyoinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara. "Shoga, naimwagilia kila siku na bado inakufa." Nikagusa jani la chini. Lilikuwa la manjano, linang'aa kama zabibu iliyomenywa, likadondoka kabla sijalivuta. Tulipoing'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza na kunuka kama maji ya mtaro. Chungu hakikuwa na tundu hata moja.

Sikumlaumu. Tumelelewa kumwagilia mchicha asubuhi na jioni, na mkono umezoea hivyo. Lakini ekeveria, ambazo kitaalamu huandikwa Echeveria kwa heshima ya mchoraji wa mimea Atanasio Echeverría wa Mexico, nyingi kwao ni miamba na magenge ya milima ya huko. Mvua ikinyesha, maji hupita kwenye nyufa na kwenda zake. Mmea huweka akiba kwenye majani, kisha mchana wa jua hufunga vitundu vya majani na kuvifungua usiku ili uvute hewa ukaa bila kupoteza maji mengi. Ukiumwagilia kila siku, mizizi inakosa hewa na kuoza.

Kwa hiyo usimwagilie kwa kalenda. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu, subiri kidogo, kichomoe. Kikitoka na udongo wenye unyevu, ondoka. Kikitoka kikavu, angalia majani ya chini: yakiwa yamelegea na kukunjamana, mmea una kiu. Hapo mwagilia kwa wingi mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Kwangu, wakati wa kiangazi huchukua siku 7 hadi 10. Baridi ya Juni na Julai hufika hata wiki 3. Mimina kwenye udongo, si katikati ya waridi. Tone likibaki moyoni, lipulize litoke. Masika, hamishia vyungu chini ya upenu wenye mwanga.

Udongo wa bustani peke yake hushika maji mno. Mimi huchanganya sehemu moja ya udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva na sehemu mbili za mchanga mkubwa wa mto pamoja na kokoto ndogo. Sisi wa huku tuna bahati ya mawe mepesi ya volkano. Yaponde, yanafaa kuliko kokoto. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Chungu cha udongo wa kufinyanga chenye tundu kinatosha, hata kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa vizuri.

Ekeveria ya jirani tuliiokoa. Tulikata shina kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, tukaendelea kupunguza kipande kwa kipande mpaka doa la kahawia katikati likaisha kabisa. Likibaki hata nukta moja, uozo hupanda tena. Kichwa tulikiweka kivulini siku 5 kidonda kikauke, ndipo tukakikalisha juu ya udongo mkavu. Maji ya kwanza yalisubiri wiki nzima.

Jua ni lazima. Mmea unaorefuka shingo na kuachanisha majani unautafuta mwanga, na shingo hiyo hairudi kuwa fupi. Upe saa 4 hadi 6 za jua kwa siku, hasa la asubuhi, ila uzoeshe taratibu kwa wiki 2 kama ulitoka kwenye kivuli cha kitalu. Ule unga mweupe kwenye majani ni nta inayoukinga na jua. Usiufute kwa kitambaa ukidhani ni vumbi.

Wenzetu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wana kazi zaidi, kwa sababu usiku wa pwani una joto na unyevu. Huko ningeanza na ndugu yake mwenye majani ya kijivu, Graptopetalum paraguayense, anayevumilia joto vizuri zaidi. Mweke penye upepo, mbali na jua la saa sita.

Majani ya chini yaliyokauka yaondoe, maana humo hujificha vidung'ata, wale wadudu wanaofanana na vipande vya pamba. Wakiwa wachache, waguse kwa pamba yenye spiriti wakati wa jioni na utenge chungu hicho na vingine.

Kuzalisha ni rahisi. Shika jani zima lenye afya, lizungushe kulia na kushoto mpaka litoke na kitako chake. Likikatika nusu halitaota. Lianike kivulini siku 3, kisha lilaze juu ya udongo bila kulifukia. Baada ya wiki chache utaona nyuzi za rangi ya waridi zikitoka kwenye kitako, halafu kiwaridi kidogo kama punje ya mtama. Hapo nyunyiza maji kidogo karibu na mizizi, na jani mama liache linyauke lenyewe, maana bado linamlisha mtoto.